Santuri za Chapa Mzuri: Sifa Iliyochelewa na Swali la Umiliki

Sifa ni mali. Kama mali nyingine yoyote, hapana budi tuulize nani aliyeizalisha, nani anaimiliki na nani anafaidika nayo. Katika makala haya tunalitumia swali hilo kuchambua jambo ambalo makada wengi hulipita kama starehe tu: sifa ambayo santuri za zamani za muziki wa dansi wa Tanzania zimepewa na wahakiki wa ng'ambo, miaka mingi baada ya wanamuziki wenyewe kuzikwa. Mfano wetu mkuu ni santuri za chapa Mzuri, zilizotolewa na kampuni ya Assanand & Sons ya Mombasa, na hasa zile za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba ya Morogoro.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni nusu ya haki. Imeiinua chapa na imemwinua mkusanyaji. Kwa familia ya mtunzi imefika kama rambirambi. Aidha, kuchelewa kwake hakukusababishwa na watu wa nje peke yao. Sehemu ya sababu iko hapa nyumbani, katika namna sera ya utamaduni ilivyoutazama muziki wa dansi. Kada asiyeielewa sababu hiyo ataendelea kulalamika juu ya Ulaya huku kanda zinaoza kabatini.

Duka, chapa na bendi

Santuri za Kiswahili hazikuanza na dansi. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV ya Uingereza. Tangu hapo mfumo ulikuwa umewekwa: sauti inatoka Afrika Mashariki, mtambo uko kwingine, na santuri inarudi kwetu kama bidhaa ya dukani. Ni mfumo ule ule wa mkonge na pamba. Sauti ilisafirishwa ghafi, ikarudi imefungwa na kutiwa bei.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni hiyo hiyo ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri ulioitwa GV, uliojaa muziki wa Kyuba, kwa ajili ya soko la Afrika. Kampuni ilikuwa inatafuta faida. Lakini vijana wa miji yetu walisikia katika rumba na sone za Kyuba mapigo ambayo hayakuwa mageni masikioni mwao, kwa kuwa mababu wa wanamuziki wa Kyuba walitoka Afrika wakiwa watumwa. Bidhaa ya beberu ikawaunganisha watu ambao biashara ya utumwa iliwatenganisha. Huu ni mfano mzuri wa ukinzani, na walimu wa nadharia watafanya vyema kuutumia darasani.

Kutokana na santuri za namna hiyo, na kutokana na beni na dansi za kabla yake, zilizaliwa bendi zilizojiita Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Msomaji asipotoshwe na jina. Jazi ya Marekani ilikuwa kitu kingine. Kwa watu wetu neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa, ngoma na baadaye saksafoni, inayopiga muziki wa kuchezwa ukumbini, na inayoimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa makabila yote.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928, mwaka ule ule wa safari ya Siti. Bendi yake, Cuban Marimba, ilishindana kwa miaka mingi na Morogoro Jazz, na mji mzima uligawanyika kwa ushabiki. Mji wa Morogoro ulikuwa na hadhira ya namna yake. Reli ya kati inapita pale, na kuelekea magharibi inafika Kimamba na Kilosa, katikati ya mashamba ya mkonge yaliyokusanya vibarua kutoka kila upande wa Tanganyika. Mfanyakazi wa mshahara, aliye mbali na kwao, asiye na ngoma ya ukoo wake karibu, ndiye aliyekuwa mchezaji wa dansi. Yeye pia ndiye aliyekuwa na shilingi chache za kununua santuri, au walau za kukaa hotelini na kuisikiliza ya mwenzake.

Hapo ndipo duka lilipoingia. Muuza gramafoni anahitaji santuri kama muuza taa anavyohitaji mafuta ya taa: bila hizo mtambo wake ni sanduku bubu. Kampuni ya Assanand & Sons haikuwa shirika kubwa la kimataifa kama HMV. Ilikuwa kampuni ya wafanyabiashara wa Mwambao waliojua wateja wao wanataka kusikia nini, na chapa Mzuri ilirekodi dansi ya Tanganyika na pia taarab ya Mwambao. Kati ya miaka ya 1950 na 1960, Cuban Marimba iliacha katika chapa hiyo kazi ambazo leo ndizo ushahidi mkuu wa sauti ya dansi kabla na mara baada ya Uhuru. Salum Abdallah mwenyewe alifariki Novemba 1965 kwa ajali ya gari, akiwa hajafika miaka 40. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza.

Santuri ilivyobana na ilivyohifadhi

Mhakiki anayeisifu santuri bila kuuliza imeacha nini, ameusifu mtambo. Santuri za zamani za mzunguko wa 78 zilibeba dakika zipatazo tatu kila upande. Ukumbini, wimbo wa dansi hauishi kwa dakika tatu. Unaanza taratibu kwa beti, ambapo mwimbaji anatoa hoja yake na watu wanasikiliza. Kisha unageuka na kuingia katika chemko, ambapo magitaa yanasukana, kiitikio kinarudiwa, na wachezaji ndio wanaoamua wimbo uishe lini. Sehemu hiyo ya pili ni kazi ya umma mzima uliomo ukumbini, na hiyo ndiyo iliyokatwa na mkasi wa kibiashara.

Hata hivyo, kubanwa huku kulizaa nidhamu. Katika santuri za Cuban Marimba hakuna maneno ya kujazia nafasi. Gitaa linafungua mlango, mwimbaji anaingia na jambo lake, kiitikio kinalithibitisha, na kabla hujachoka wimbo umekwisha. Utunzi wake unafuata desturi ya ushairi wa Kiswahili: methali inabeba hoja, fumbo linamfikia mhusika bila kumtaja, na nasaha inatolewa kwa adabu. Salum Abdallah aliimba juu ya mapenzi na maudhi yake, juu ya heshima katika jamii, na juu ya taifa lililokuwa linajengwa. Vionjo vya Kyuba viko kwenye mapigo; kiini kiko kwenye lugha.

Hili ni muhimu kwa sababu linajibu shutuma ya zamani kwamba dansi ni kasumba ya kigeni. Bendi hizi ziliimba Kiswahili wakati ambapo kila mtu angeweza kubaki na lugha ya kijijini kwake. Mluguru, Mkaguru, Mnyamwezi na Mzaramo walicheza wimbo mmoja na kubishana juu ya maana ya fumbo moja. Kazi hiyo ya kuunganisha watu ilifanyika kumbini miaka mingi kabla ya kuandikwa katika taarifa zozote za sera.

Kwa nini nyumbani sifa ilichelewa

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akasikitika kwamba wasomi wengi walijua dansi za Kizungu na za Amerika kuliko ngoma za kwao. Shabaha ya hoja hiyo ilikuwa sahihi: ilimlenga mtu aliyeona haya kwa sababu ya asili yake. Lakini baadhi ya watekelezaji waliichukua kwa juu juu. Kwao ngoma ya jadi ikawa utamaduni, na dansi ikawa burudani. Ngoma ikachunguzwa na kutungiwa vikundi vya taifa; dansi ikaachiwa baa na sikukuu.

Ukinzani ulikuwa wazi, kwa kuwa Chama, jumuiya zake na vyombo vya dola ndivyo vilivyokuwa waajiri wakubwa wa wanamuziki wa dansi. Chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz mwaka 1964. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana vilikuwa na bendi zao. Azimio la Arusha la 1967 lilienezwa kwa magitaa hayo kama lilivyoenezwa kwa mikutano. Bendi zilitumika, lakini hazikuhakikiwa. Mwanamuziki alihesabiwa kuwa mhamasishaji. Mara chache alihesabiwa kuwa mtunzi ambaye kazi yake inastahili kusomwa kama inavyosomwa kazi ya Shaaban Robert.

Redio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi kubwa ya kurekodi. Kwa bendi nyingi studio yake ilikuwa mlango pekee wa kuufikia umma, na kanda zake, ambazo leo ziko chini ya TBC, ni hazina kubwa kupita santuri za kampuni yoyote. Lakini redio hutangaza. Haiuzi santuri wala haimpi mwananchi kitu cha kuweka nyumbani. Nchi haikufanikiwa kuwa na kiwanda chake cha kufyatua santuri, na mpango wa kuikabidhi Kampuni ya Filamu Tanzania jukumu hilo haukuzaa kiwanda kilichozalisha. Kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ilikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye wa Super Volcano aliyoianzisha mwaka 1973, alipata sifa ya Afrika Mashariki nzima kwa santuri zilizotolewa na kampuni za Kenya zilizofungamana na mashirika ya Ulaya. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, baada ya Jumuiya kuvunjika, njia hiyo nayo ikawa ngumu hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983.

Sifa ya ng'ambo: uzito wake na upungufu wake

Uhakiki wa nje ulianza kwa watu wachache wenye bidii. Katika miaka ya 1980 John Storm Roberts, mwandishi aliyewahi kufanya kazi Kenya, alitoa Marekani kupitia kampuni yake ndogo ya Original Music mikusanyo ya santuri za Nairobi, Tanzania na Mwambao. Baadaye mtafiti Mjerumani Werner Graebner alisimamia CD ya Salum Abdallah na Cuban Marimba iitwayo Ngoma Iko Huku, yenye kazi za 1955 hadi 1965. Kisha ukaja mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa na Buda Musique. Toleo lake la tatu, la mwaka 2007, juu ya muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960, linaitwa Ujamaa.

Tuseme ukweli bila kinyongo. Watu hawa walifanya kazi ambayo ilipasa ifanywe na taasisi zetu. Walitafuta santuri zilizokwaruzika, wakawahoji wazee, wakaandika majina ya wapiga magitaa na tarehe. Kada anayewabeza kwa sababu ya rangi au pasipoti zao hafanyi uchambuzi, anatafuta kisingizio.

Upungufu uko mahali pengine. Kwanza, sehemu kubwa ya sifa hii inakwenda kwenye masikio peke yake. Msikilizaji wa Paris anasifu mlio wa gitaa na ukungu wa santuri ya zamani. Anaupenda ukale wake. Fumbo, methali, na kauli ya mtu kwa watu wake humfikia kama kelele tamu. Mhakiki wa Kiswahili pekee ndiye anayeweza kuijaza nafasi hiyo, na kwa kiasi kikubwa bado ni tupu.

Pili, sifa imejipanga kwa kufuata chapa. Wakusanyaji hutafuta nembo na namba za santuri. Kadiri ilivyo adimu ndivyo bei inavyopanda. Hapa kazi ya binadamu imegeuka sifa ya kitu. Waliosoma uchumi wa siasa wanalijua jambo hili: bidhaa inaonekana kama yenye thamani yenyewe, na jasho lililomo ndani yake linasahaulika.

Tatu ni swali ambalo kijana mmoja aliliuliza katika darasa la wanachama huku Mamboya, wilayani Kilosa, tulipokuwa tunafundisha somo la utamaduni na ujenzi wa taifa: kama muziki huu ni wa Morogoro, mkoa wetu, mbona atakayetaka kuusikiliza kwa ukamilifu anaagiza Ulaya? Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza. Neno Ujamaa lenyewe limeandikwa juu ya bidhaa inayouzwa kwa fedha za kigeni. Hatumlaumu aliyeichagua anwani hiyo, kwa sababu inaeleza zama zake. Lakini swali la kijana halijibiwi kwa kukasirika.

Mifano miwili ya kupima

Ili kuona njia nyingine, tutazame chapa mbili ndogo za jazi ambazo nazo zilicheleweshewa sifa.

Johannesburg, Rashid Vally, mwenye duka la santuri la Kohinoor, alianzisha chapa ya As-Shams, yaani Jua, wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1974 alitoa Mannenberg ya Abdullah Ibrahim, aliyejulikana wakati huo kama Dollar Brand, iliyopewa jina la kitongoji walikohamishiwa watu kwa nguvu. Muziki huo ukawa wimbo wa mapambano. Kwa msomaji wa Morogoro habari hii haiko mbali: Mazimbu, nje kidogo ya mji, ndiko ANC ilikokuwa na chuo cha Solomon Mahlangu tangu 1978 hadi 1992. Mfano wa Vally unafanana na wa Assanand kwa kuwa wote walikuwa wenye maduka waliozijua hadhira zao. Unaonyesha pia kwamba mwenye duka dogo, anaposimama karibu na wanamuziki, anaweza kufungua mlango ambao kampuni kubwa imeufunga.

Mfano wa pili ni Strata-East ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1971 na wanamuziki wawili Weusi, Charles Tolliver na Stanley Cowell. Huko msanii alibaki na umiliki wa kazi aliyoirekodi. Santuri zao zilitafutwa na wakusanyaji kwa miaka mingi kabla ya chapa hiyo kupewa nafasi yake kamili katika historia ya jazi. Lakini tofauti na Morogoro ni moja, nayo ni kubwa: sifa ilipofika ilimkuta mwenye kazi akiwa mwenye mali.

Baadhi ya ndugu husema kwamba Assanand alikuwa mfanyabiashara, basi asitajwe kwa wema. Wengine wanasema soko lilihifadhi palipomshinda mpangaji wa taifa, basi kila kitu kiachiwe soko. Tunazikataa kauli zote mbili. Bila duka lile sauti ya Salum Abdallah ya mwaka 1955 isingetufikia. Huo ni ukweli wa historia. Na katika biashara ya santuri ya Afrika Mashariki ya miaka hiyo ilikuwa kawaida kumlipa mwanamuziki fedha ya mara moja, hata wimbo ukiuzwa miaka kumi. Huo nao ni ukweli. Hatuzungumzii ubaya wa kampuni moja, bali mfumo uliomfanya mtunzi auze wimbo kama kibarua anavyouza kutwa yake.

Hesabu ya miaka hamsini

Sasa tufike kwenye jambo linalotaka uamuzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah alifariki 1965. Hata tukitumia kipimo hicho, miaka 50 ilikwisha mwaka 2015. Sifa ilipokuwa inakua katika majarida ya ng'ambo, haki ya warithi ilikuwa inafikia ukomo. Heshima iliyochelewa iligeuka kuwa mali ya kila mtu, na katika uchumi wa dunia wa leo kinachoitwa mali ya kila mtu huvunwa kwanza na mwenye mtaji.

Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979. Kwa hesabu hiyo hiyo, kinga ya tungo zake inaishia mwaka 2029. Wako watunzi wengi wa miaka ya 1960 na 1970 ambao saa zao zinakwenda namna hiyo. Hakuna kongamano wala nishani itakayorudisha mwaka ukishapita.

Wajibu wa makada

Kwanza, orodha. Kila tawi katika miji na vijiji vya reli na mashamba, kuanzia Kimamba na Kilosa hadi huku milima ya Ukaguru, lina wazee waliocheza dansi hizi na wengine waliopiga. Majina ya watunzi na wapigaji yaandikwe wakiwa hai, pamoja na nyimbo walizoshiriki. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari na uvumilivu.

Pili, kanda. Kumekuwa na jitihada za kuhamishia kanda za Redio Tanzania kwenye mfumo wa kidijitali. Jitihada hizo zipewe fungu la taifa linaloeleweka, na nakala ziwe katika maktaba za mikoa. Kijana wa Kilosa aweze kusikiliza Cuban Marimba bila kuagiza CD kutoka Ujerumani.

Tatu, haki. Vyombo vya hakimiliki viwatafute warithi wa watunzi ambao muda wao bado haujaisha, badala ya kuwasubiri waje na madai. Mrithi wa mpiga gitaa hajui kwamba wimbo wa baba yake unasikilizwa Tokyo. Anayejua na asimwambie anashiriki katika dhuluma.

Nne, uhakiki. Vyuo vyetu vifundishe utunzi wa dansi kama fasihi ya Kiswahili. Mwanafunzi achambue fumbo la Salum Abdallah kwa makini yale yale anayotumia kuchambua utenzi.

Wahakiki wa ng'ambo wamekwisha kusema kwamba santuri za chapa Mzuri ni nzuri, na hatuna sababu ya kubishana nao. Kazi iliyobaki ni yetu: kuyaeleza maneno yaliyoimbwa, kuwataja walioyaimba, na kuhakikisha kwamba kabla ya Desemba 2029 mtu mwenye wajibu amebisha hodi katika nyumba zinazohusika.